Habu ya gia inapiga kelele kwenye Humvee: jinsi ya kujua tatizo liko wapi kabla hujafungua kitu

Kelele ya gurudumu kwenye Humvee, lile gari la jeshi la Marekani, inadanganya sana. Chasi ya lile gari ni kama ngoma, sauti ikianzia kona moja inasafiri kwenye vyuma inakuja kutokea kona nyingine kabisa, na wewe umekaa pale pembeni ya injini na boksi la gia unaapa kabisa kwamba ni mbele kulia. Niliwahi kuhangaika siku mbili na habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele kulia, nikaishusha nikaifungua yote, beringi nzima, gia nzima, nikafunga sili mpya (mipira ya kuzuia oili isivuje) nikarudisha, naingia barabarani kelele ile ile. Shida ilikuwa nyuma kushoto. Tangu hapo sifungui habu kwa kusikia tu, nataka vitu vitatu vikubaliane kwanza: hesabu ya mizunguko, joto, na oili. Vikikubaliana vyote kwenye habu moja ndo nachukua spana.

Nitaeleza kwa Humvee kwa sababu ndo gari lenye habu za gia ambalo watu wengi wanakutana nalo, halafu mwishoni nitagusa magari mengine kidogo.

Kwanza ujue ndani kuna nini

Habu ya kawaida ni beringi tu na shafti. Hii ya Humvee ina boksi dogo la gia kila gurudumu, zipo nne. Hafushafti, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye gurudumu, inatoka kwenye difu (boksi la gia lililo katikati ya magurudumu mawili) inaingia JUU ya habu, inazungusha gia ndogo, ile gia ndogo inazungusha gia kubwa iliyo CHINI, na gia kubwa ndo imebeba shafti ya gurudumu. Ndiyo maana difu na shafti zake zimekaa juu sana na tumbo la gari liko kama sentimita 40 kutoka ardhini. Uwiano wa zile gia ni 1.92 kwa 1, maana yake tairi likizunguka mara moja hafushafti imezunguka karibu mara mbili. Shika hiyo namba, ndo itakutolea jibu huko mbele.

Kitu kingine, kwa kuwa ni gia mbili zinazoumana, hafushafti inazunguka kinyume na tairi. Mtu akiona mara ya kwanza anadhani kuna kitu kimefungwa vibaya, hapana, ndivyo ilivyo.

Kila shafti ndani ya habu, ya juu na ya chini, ina beringi zake, halafu kuna sili upande wa ndani inapoingia hafushafti na sili upande wa nje inapotokea shafti ya gurudumu. Oili ni yake peke yake, haichangii na difu, na ni kidogo mno, takriban nusu lita tu kwa kila habu. Nusu lita kwa gia zinazobeba gari la tani mbili na zaidi! Kwa hiyo ikivuja kikombe kimoja tu cha chai umebaki na kidogo sana, na hapo ndo kelele nyingi zinaanzia.

La tatu ambalo linawachanganya hata mafundi wazoefu wa magari mengine: breki za Humvee haziko kwenye gurudumu. Diski na kalipa ziko ndani kabisa, pembeni ya difu. Habu haina breki. Hii inabadilisha vipimo karibu vyote ulivyozoea, nitaeleza.

Usalama, usiruke hapa

Rimu nyingi za Humvee ni za vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa nati. Kwa hiyo ukiangalia gurudumu utaona duara mbili za nati. Duara la ndani, karibu na kitovu, lenye nati 8, ndo linashika gurudumu kwenye habu. Duara la nje ndo linashika vipande viwili vya rimu. UKILEGEZA DUARA LA NJE TAIRI LIKIWA NA UPEPO rimu inafumuka kama bomu, inaua, sitanii. Kama hujui nati ipi ni ipi toa upepo wote kwanza, toa na kile kiini cha valvu, halafu ndo uguse kitu. Kwa kazi ya kuchunguza habu huna sababu yoyote ya kugusa duara la nje.

Gari liwe sehemu tambarare na ngumu, weka vigingi magurudumu yanayobaki chini, jeki ni ya kunyanyulia tu, kukaa gari likae kwenye stendi. Na usiwashe injini ukaingiza gia eti usikilize tairi moja lililonyanyuliwa likizunguka, hili gari linavuta magurudumu yote manne muda wote, likishika chini upande mmoja linaruka kutoka kwenye stendi.

Hatua ya 1: hoji kelele

Kabla ya kunyanyua chochote kaa na anayeendesha hilo gari muulize maswali, au ukiendesha mwenyewe jiulize kwa uaminifu. Inaanza spidi gani? Inabadilika ukikanyaga mafuta na ukiachia? Inabadilika ukikata kona? Ilianza ghafla au imekua pole pole? Gari lilipita kwenye maji hivi karibuni?

Hilo swali la maji lina uzito wake. Habu ikiwa ya moto halafu ukaizamisha kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa na inavuta, na kama sili imechoka kidogo inavuta maji. Haitalia siku hiyo. Italia wiki kadhaa baadaye beringi zikishapata kutu, na mwenye gari hataunganisha hivyo vitu viwili mpaka umuulize.

Aina ya sauti nayo inasema kitu. Uvumo mzito wa mfululizo, kama ndege iko mbali, unaopanda na spidi na haujali kama umekanyaga mafuta au umeachia, huo mara nyingi ni beringi au tairi. Mluzi au mlio mwembamba unaokuja ukikanyaga na kupotea ukiachia, au kinyume chake, huo ni gia, kwa sababu jino la gia linafanya kazi upande mmoja ukivuta na upande wa pili gari likijisukuma lenyewe, kwa hiyo upande uliolika ndo unaolia. Mgongo mmoja, yaani mlio mmoja wa kugonga, "ko", unapokanyaga au kuachia mafuta ni plei (nafasi ya kucheza) mahali fulani, inaweza kuwa meno ya gia, inaweza kuwa splaini za hafushafti (yale meno yake yanayoingia kwenye habu), inaweza kuwa krosi za propela (viungo vya ile shafti ndefu inayoenda kwenye difu). Tiki tiki tiki ukikata kona kali mbele ni sivi jointi (kiungo kinachokunjika cha hafushafti), habu muiache kwanza.

Na kumbuka habu za gia huwa zinalia kidogo hata zikiwa nzima. Mlio mwepesi unaofanana kwenye magurudumu yote manne sio ugonjwa. Ugonjwa ni pale moja inapotofautiana na wenzake.

Hatua ya 2: ondoa washukiwa wa bei rahisi

Tairi ndo wa kwanza. Tairi za matope zenye vishikio vikubwa zinavuma lami kuliko beringi mbovu, na zikilika kwa mawimbi ndo kabisa. Hamisha tairi za mbele ziende nyuma, upande ule ule, halafu endesha tena barabara ile ile. Kelele ikihama umemaliza, ni tairi. Ikibaki palepale tairi imetoka kwenye orodha. Najua kazi ya kuhamisha hayo matairi ni nzito, ni mazito haswa kwa sababu ndani yana kiini cha kutembelea likipasuka, lakini ni nyepesi kuliko kufungua habu isiyo na kosa.

Hicho kiini chenyewe pia ni mshukiwa. Kikilegea ndani ya tairi kinagonga du, du, du spidi ndogo halafu ukiongeza spidi kinatulia, kwa sababu kinarushwa nje na kubana. Habu mbovu haitulii ukiongeza spidi, inazidi. Ukiona kelele inayopungua unavyokimbia fikiria ndani ya tairi.

Halafu breki. Kama nilivyosema ziko katikati, jiwe likikwama kati ya diski na ile sahani yake utasikia mkwaruzo kutoka tumboni mwa gari. Gusa pedali ya breki kidogo sana, kiasi cha pedi kugusa tu, mkwaruzo ukibadilika ni huko, sio kwenye habu. Angalia pia nati za gurudumu, boli jointi (kiungo cha saspensheni), tairodi (fimbo inayoshika gurudumu lielekee sawa), bolti za hafushafti pale kwenye difu. Hizi za hafushafti zinalegea na zinatoa kelele mbaya ambayo kila mtu anaisingizia habu.

Hatua ya 3: hesabu mizunguko

Hii ndo hatua ninayoipenda na watu wengi hawaifanyi. Tairi la kawaida la Humvee lina kipenyo cha inchi 37, likizunguka mara moja gari linasogea karibu mita 2.9. Sasa piga hesabu ukiwa spidi ya kilomita 10 kwa saa, ambayo ni kama mtu anayekimbia taratibu:

Tairi linazunguka takriban mara 1 kwa sekunde.
Hafushafti inazunguka takriban mara 2 kwa sekunde.
Propela inazunguka takriban mara 5 kwa sekunde.

Hiyo ya propela inatoka kwenye difu, ambayo ina uwiano wa 2.73 kwa matoleo ya mwanzo na 2.56 kwa baadhi ya ya baadaye, ukizidisha na 1.92 ya habu unapata 5.24 au 4.92, zote ni tano hivi kwa sikio.

Kwa hiyo tafuta sehemu tulivu yenye ukuta upande mmoja, sauti ikirudi kutoka ukutani unaisikia vizuri zaidi, fungua kioo, endesha kilomita 10 kwa saa bila kubadilisha spidi, na mtu mwingine arekodi kwa simu. Kama kelele ni ya kugonga au ya tiki tiki, hesabu migongo ndani ya sekunde 10 ukisikiliza hiyo rekodi.

Migongo kama 10, yaani moja kwa sekunde: kitu kinachozunguka na tairi. Tairi lenyewe, kile kiini, gia KUBWA ya chini yenye jino lililovunjika, au shafti ya gurudumu.

Migongo kama 20: kitu kinachozunguka na hafushafti. Gia NDOGO ya juu, splaini, sivi jointi, diski ya breki, au kitu ndani ya difu upande wa gia yake kubwa. Hapa lazima utenganishe, diski unaijua kwa kugusa breki, sivi jointi unaijua kwa kukata kona, difu inasikika katikati ya gari sio pembeni.

Migongo kama 50: achana na habu kabisa, nenda kwenye propela na krosi zake.

Kama huamini spidomita, na kwa spidi ndogo hivyo haiaminiki, chora mstari mweupe wa chaki ubavuni mwa tairi, mtu atembee pembeni aseme "sasa" kila mstari ukifika chini, sauti yake iingie kwenye rekodi pamoja na kelele. Hapo huhitaji spidi tena, unahesabu migongo mingapi iko kati ya "sasa" moja na nyingine. Moja, mbili kasoro kidogo, au tano. Angalia hiyo mbili kasoro kidogo, ni 1.92, kwa hiyo mgongo wa gia ndogo hautaangukia pale pale kwenye mstari kila mara, utakuwa unasogea sogea pole pole kila mzunguko. Ukiusikia unasogea hivyo umeshajua ni wa juu.

Beringi mbovu haihesabiki hivi, inavuma tu mfululizo. Kwa hiyo kama ni uvumo nenda kwenye kona. Kwenye uwanja mpana, spidi 40 hivi, yumbisha gari taratibu kushoto kisha kulia. Ukikata kushoto uzito unahamia magurudumu ya kulia, uvumo ukiongezeka shuku kulia. Ukikata kulia ukaongezeka shuku kushoto. Hii inakupa upande, haikupi mbele au nyuma, na mimi siiamini peke yake.

Hatua ya 4: joto

Endesha kilomita 20 hivi kwa spidi moja ya kawaida, kisha simama. Pima habu zote nne hapo hapo kwa kipima joto cha kuelekeza, sehemu ile ile kwa kila moja, mara moja juu kwenye gia ndogo na mara moja chini kwenye shafti ya gurudumu. Kama huna kipimo sogeza kiganja karibu kwanza bila kugusa, usijichome.

Kwenye gari la kawaida gurudumu likiwa la moto unajiuliza ni breki au beringi. Hapa hakuna breki pale. Habu ya Humvee ikiwa ya moto kuliko wenzake joto hilo limetengenezwa ndani ya habu yenyewe, hakuna mwingine wa kulaumu. Sijali sana namba yenyewe, najali tofauti, linganisha kushoto na kulia kwa ekseli ile ile. Nikiona moja imezidi mwenzake kwa digrii 15 au 20 naifuata hiyo, hata kama sikio langu linasema kona nyingine. Jua nalo liangalie, upande uliopigwa na jua muda mrefu utasoma juu kidogo.

Yule wa nyuma kushoto aliyenipotezea siku mbili angejulikana kwa dakika 3 tu kama ningepima joto.

Hatua ya 5: oili

Gari likiwa tambarare na limepoa, safisha kwanza eneo lote la bolti ya kujazia, mchanga ukiingia humo umetengeneza ugonjwa mpya. Fungua bolti ya KUJAZIA kwanza kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga halafu ukakuta ya kujazia imekwama haifunguki umebaki na habu kavu na gari haliendi popote.

Ingiza kidole. Oili inatakiwa ifike mdomo wa shimo au chini yake kidogo tu. Ikiwa chini sana, tayari una jibu la nusu, sasa tafuta ilikotokea. Ikitoka kwa nje utaona imelowanisha rimu kwa ndani kuzunguka kitovu. Ikitoka kwa ndani utaona imerushwa kwenye mpira wa sivi jointi na kwenye mikono ya saspensheni. Usichanganye na grisi ya sivi jointi, grisi ni nyeusi nzito inakaa kama uji, oili ya gia inatiririka na ina ile harufu yake kali ya salfa. Na oili ikifurika ukifungua tu bolti, usifurahi, iliyozidi inachemka, inasukuma sili nje, au kuna maji yamekaa chini yameinyanyua.

Sasa mwaga kwenye chombo safi cheupe, yote, ni nusu lita tu. Peleka juani.

Rangi ya maziwa ni maji. Haijalishi beringi zinasikika vipi leo, kutu imeshaanza au iko njiani.

Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni joto, iliwahi kukauka au kuzidiwa.

Kisha vyuma. Kama bolti ya kumwagia ina sumaku iangalie, kama haina chukua sumaku ndogo uifunge kwenye mfuko wa nailoni, ichovye na kuzungusha kwenye oili, ukimaliza geuza mfuko vyuma vinabaki kwenye nailoni safi bila kung'ang'ania sumaku. Uji laini wa kijivu kama rangi ya penseli ni kawaida, gia zinalika kidogo kila siku. Magamba membamba yanayong'aa, unayoyahisi ukisugua kati ya vidole, sio kawaida, huo ni uso wa beringi au wa jino unabanduka. Kipande chenye pembe, chenye upande mmoja laini uliosuguliwa na upande mwingine mkavu kama sukari, hilo ni jino limevunjika, na hapo gari lisitembee tena hata kurudi nyumbani, kwa sababu kipande kingine kikiingia kati ya gia mbili habu inakaba ghafla ukiwa spidi.

Fanya hivyo kwa habu zote nne, sio ile unayoishuku tu, ili uwe na cha kulinganisha. Ni lita mbili za oili jumla, hata ukiweka mpya zote hujapoteza. Oili ya gia ya 80W-90 ndo inayotumika sehemu nyingi, ila kwenye baridi kali kitabu cha gari kinataka nyepesi zaidi, kifuate.

Hatua ya 6: nyanyua utafute plei

Nyanyua gurudumu moja, weka stendi, boksi la transifa (lile linalogawa nguvu mbele na nyuma) liwe nyutro, breki ya mkono iachiwe kama unapima nyuma, vigingi viwe vimekaa vizuri kabisa.

Shika tairi juu na chini, sukuma vuta. Kisha kushoto na kulia. Mwenzako alale aangalie kwa tochi, swali lake ni moja tu: gurudumu linacheza kwenye habu, au habu nzima inacheza na gurudumu? Habu nzima ikisogea dhidi ya mikono ya saspensheni ni boli jointi. Ikicheza kushoto kulia na boksi lake lote ni tairodi. Gurudumu likisogea na boksi la habu limetulia, hiyo ni beringi ya shafti ya gurudumu au nati yake imelegea, na hili ni la hatari kuliko yote kwa sababu kinachoshikilia gurudumu lisichomoke na shafti yake ni ile nati. Ukihisi gurudumu linaingia na kutoka, hata kidogo, gari limesimama mpaka litengenezwe.

Ule ujanja wa kukanyaga breki ili plei ya beringi ipotee na boli jointi ibaki, ambao tunautumia kwenye magari mengine, hapa HAUFANYI KAZI. Breki ya Humvee inashika hafushafti kule kwenye difu, haishiki gurudumu kwenye habu, kwa hiyo beringi itacheza vile vile. Nimeona watu wakibadilisha boli jointi nzima kabisa kwa kosa hili.

Ila breki inakupa kipimo kingine kizuri. Mwenzako akanyage breki akaze, wewe zungusha tairi mbele na nyuma kwa mkono. Hafushafti imeshikwa upande wa difu, kwa hiyo mzunguko wowote wa bure unaoupata kwenye tairi ni jumla ya plei ya sivi jointi, splaini, na meno ya gia za habu. Weka alama ya chaki kwenye tairi na kitu cha kulinganishia pembeni kilichosimama, pima umbali, kisha fanya hivyo upande wa pili. Umbali ukitofautiana sana, shika hafushafti kwa mkono pale inapoingia kwenye habu wakati mwenzako mwingine anatikisa tairi. Ikicheza na tairi mkononi mwako, plei iko ndani huko kwenye sivi jointi. Ikitulia kabisa huku tairi linacheza, plei iko ndani ya habu, splaini au meno.

Hatua ya 7: bisibisi sikioni, kisha tenganisha

Zungusha tairi kwa mkono taratibu, na chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye boksi la habu na mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Sikiliza juu, kisha chini. Beringi nzima ina sauti laini kama pumzi. Mbovu inakwaruza kama kuna chumvi ndani. Sauti ikiwa kali zaidi juu ni beringi za gia ndogo, ikiwa chini ni za shafti ya gurudumu.

Pedi za breki zikigusa diski zitakuharibia hapa, utahisi mkwaruzo mpaka kwenye tairi. Kama huwezi kuzitofautisha fungua bolti za hafushafti upande wa difu, isogeze pembeni, sasa habu iko peke yake. Zungusha tena. Ikizunguka laini bila mkwaruzo na bila kukaba sehemu, hiyo habu ni nzima, rudi nyuma kwenye difu na breki. Ikikwaruza bado umeikamata.

Usiendeshe gari hafushafti ikiwa imefunguliwa, hata mita kumi, gurudumu hilo halina breki tena.

Sasa unaamua nini

Oili ilikuwa chini, haina magamba, joto limezidi kidogo, mlio ni mwembamba: badilisha sili inayovuja, jaza oili, endesha siku chache kisha mwaga uangalie tena. Nyingi zinapona hapo.

Maji bila magamba: badilisha oili, endesha kidogo ipate moto, badilisha tena, na tena mpaka itoke safi, halafu sili zote mbili, na kama habu yako ina mpira wa kupumulia uufuate mpaka mwisho uone kama umeziba au umechomoka.

Magamba na uvumo: beringi. Kuzibadilisha sio kupiga nyundo tu, mkazo wake unapangwa, ukikaza sana zinaungua ukilegeza zinacheza, kwa hiyo kama huna vipimo vya kukazia na namba za kitabu cha gari mbele yako ni salama zaidi kufunga habu nyingine iliyokamilika. Jino limevunjika: habu nyingine, usibadilishe gia moja ukaiumanisha na mwenzake iliyolika, italia tangu siku ya kwanza.

Kuna watu wanajaza grisi ndani ya habu au oili nzito mno ili kelele ipungue gari liuzike. Hili linaniuma sana. Grisi hairuki kwenda kwenye beringi za juu, kelele inafichwa kwa muda na beringi inaungua kimya kimya, na anayeketi ndani hajui. Ukinunua gari ukakuta grisi ndani ya habu fungua zote nne siku hiyo hiyo.

Kwa magari mengine yenye gia kwenye gurudumu, kama Unimog na Pinzgauer, mpangilio wa uchunguzi ni ule ule, ila tafuta uwiano wa gari lako upige hesabu upya ya mizunguko, na uangalie breki ziko wapi. Kama breki iko kwenye gurudumu basi joto peke yake halithibitishi habu, na ule ujanja wa kukanyaga breki unarudi kufanya kazi.

Ukishafunga, kaza nati za gurudumu kwa kuvuka vuka sio kwa kuzunguka, endesha kilomita 20 zile zile, barabara ile ile, pima joto habu zote nne uandike pembeni ya namba za mwanzo. Baada ya kilomita 100 hivi kaza nati tena, na uchovye kidole kwenye shimo la oili uone kama bado iko palepale ulipoiacha.